Sahani ya Kumi na Moja

Tarehe 4 Februari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na magoti bado yanaelewana na ngazi. Mimi sijambo.

Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Najua umekwisha kunitia miongoni mwa waliopotea, na najua ulilisema jambo hilo mbele ya Baba, kwa sauti ya kutosha, ili nifikishiwe. Nimefikishiwa. Sikuwa mgonjwa, wala sikukusahau, mume wangu mzee. Nilikuwa natafuta nafasi nyembamba kuliko ukucha, na mtu anayetafuta kitu cha namna hiyo hainui kichwa.

Mara ya mwisho uliniuliza ninafanya kazi gani hasa, ukalikataa jibu la "kompyuta" ukisema hilo ni jina la chombo, si jina la kazi. Basi nikueleze. Chukua kamusi yako ndogo, ile ya jalada la kijani. Fikiri kwamba ni sanduku la chuma. Ndani yake mna sahani za kioo zilizopakwa utando unaoshika kumbukumbu, zimepangwa moja juu ya nyingine katika mhimili mmoja, na zote zinazunguka pamoja bila kugusana. Kati ya sahani na sahani unapita mkono mwembamba wa alumini, na nchani mwa mkono kuna kichwa kinachosoma na kuandika. Kichwa hicho huelea juu ya sahani. Kikiigusa, kinaikwaruza, na kilichoandikwa hapo kimekwenda na maji. Mikono yote huchongwa katika kipande kimoja cha alumini, kama meno ya kitana.

Watu wanataka kuweka kumbukumbu nyingi zaidi, lakini sanduku haliruhusiwi kukua hata kidogo, kwa sababu makabati ya kuliwekea yamekwisha kutengenezwa kwa kipimo hicho, nayo yamejaa kila mahali. Kwa hiyo anayetaka kuongeza sahani hana budi kupunguza unene wa kitu kingine. Sanduku letu lilikuwa na sahani kumi. Mkuu wetu wa idara, ambaye tunamwita Ijumaa kwa kuwa kila kazi kwake hutakiwa Ijumaa, alisema sahani ya kumi na moja haiwezi kuingia, kisha akatuagiza tuiingize.

Babu, nimeiingiza. Nimeipunguza mikono unene, nikaibana nafasi, ikaingia. Sanduku limepimwa juu ya meza ya jiwe na halikukosea. Siku ile mafundi walinibeba juujuu hadi mlangoni, nikapoteza kiatu.

Kiwanda hiki kina desturi yake moja. Anayebuni mpango wa sahani huchongewa jina upande wa ndani wa kifuniko, mahali ambapo halionekani na mtu ila yule atakayelivunja sanduku. Jina ulilonipa litakaa humo. Nilitaka ulijue hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wako akupendaye,
Mjukuu wako

*

Tarehe 27 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako imefika, ikiwa imekunjwa vibaya. Kifua kimetulia. Magoti yangu hayahusiani na ngazi. Yanahusiana na uzee, nao hauulizwi hali. Baba yako hajambo. Nami nafurahi kusikia kwamba wewe u mzima.

Mimi si mume wa mtu asiyeandika. Ukitaka cheo hicho kirudi, leta barua kila mwezi.

Nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Safari ya kwanza sikuelewa, na kosa lilikuwa lako: umeweka mambo manne katika sentensi moja. Safari ya pili niliitoa ile kamusi kabatini, nikaiweka mezani, nikaitazama ubavuni. Nikaelewa. Baba yako aliingia akanikuta naitazama kamusi iliyofungwa, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nasoma kazi ya binti yake. Akasema, "Si ungempigia tu simu akueleze?" Nikamjibu kwamba simu haina pambizo, mtu hawezi kuandika swali lake pembeni akalirudia kesho.

Maswali yangu ya pembeni ni haya. Ni nani alizipima sahani hizo kumi na moja, wewe au mwingine? Kule kiwanda cha chapa, katika miaka yangu yote ya kusahihisha, hatukumruhusu aliyepanga herufi awe ndiye wa kuzisoma mwisho. Jicho huona kile mkono ulichokusudia.

La pili, humo ndani watu huweka nini? Umeandika "kumbukumbu". Kumbukumbu gani? Za nani? Neno pana kama hilo ni sawa na kutosema kitu.

Kuhusu jina: lilikuwa la mama yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, na hakukubali kupakuliwa chakula na mtu mwingine, maana aliamini kwamba kila mtu humpunja mfupi. Angependa kusikia kwamba jina lake limeingia mahali finyu.

Umefanya vizuri. Sirudii.

Babu yako

*

Tarehe 19 Machi

Babu yangu,

Shikamoo. Nimeikunja barua hii kwa rula, usilalamike. Natumaini hamjambo nyote. Mimi mwili mzima, moyo haujatulia.

Nijibu kwanza swali lako la kwanza. Anayepima si mimi. Ni mama mmoja mtu mzima tunayemwita Mama Mizani; hacheki ovyo, na hakuna sanduku linalotoka bila kupitia mikononi mwake. Lakini umeuliza swali zuri mahali pasipo pake, Babu. Aliyepima si tatizo. Tatizo ni mahali tulipopimia.

Meza ya jiwe ni bamba kubwa linaloelea juu ya mito ya hewa ili mtikisiko wowote wa jengo usilifikie. Tuliipenda kwa sababu vipimo vyake hutoka safi. Tangu siku ya kwanza ya sahani ya kumi na moja hatukupima mahali pengine. Wiki mbili zilizopita waliletwa watu wa kuisawazisha. Mama Mizani hakutaka kukaa bure, akayachukua masanduku yangu, akayapachika katika kabati la kawaida, kama yatakavyokaa kwa wateja: masanduku mengine yananguruma kulia na kushoto, feni zinapuliza kwa nyuma.

Yakaanza kukosea, Babu. Si moja. Yote.

Mikono niliyoipunguza ni myembamba mno. Juu ya jiwe imetulia kama maji ya mtungini. Ndani ya kabati inatetemeka, na kichwa kinachopaswa kukaa juu ya mstari mwembamba kuliko unywele kinauacha mstari wake. Kikiwa kinasoma, kinarudia tu. Kikiwa kinaandika, kinaandika juu ya mstari wa jirani, na kilichokuwapo kinafutika. Hakuna kengele itakayolia. Mwenye kitu atajua siku atakapokihitaji. Tumekaa zaidi ya mwaka tukiunda chombo cha kuishi juu ya jiwe.

Mimi na Mama Mizani tulikwenda kwa Ijumaa. Alikuwa amesimama, huyu mtu hana mazoea ya kukaa.

"Meza inarudi lini?" akauliza.

"Kesho," akasema Mama Mizani.

"Basi kesho rudisheni masanduku juu ya jiwe, pimeni, andikeni mlichokiona. Si yalifaulu?"

"Na wateja je, bosi?" nikamwuliza. "Kila sanduku tuwapelekee na jiwe lake?"

Mama Mizani alicheka mpaka akashika ukuta. Ijumaa hakucheka. Alisema viunzi vya kumiminia vitako vya masanduku vimekwisha kuagizwa, wanunuzi wamekwisha kuahidiwa, na kilichobaki ni sahihi yangu tu kwenye mchoro wa mwisho. Akanipa kalamu yake. Nikairudisha mezani.

"Unanigomea?"

"Naugomea mchoro wangu mwenyewe," nikamwambia.

Amenipa muda wa kufikiri. Unajua mpaka siku gani. Sikuombi ushauri, Babu, maana jibu ninalo. Nilitaka tu ujue niko wapi.

Mjukuu wako

*

Tarehe 2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Hukuniomba ushauri. Nami nina umri wa kuutoa bila kuombwa.

Kazi ya msahihishaji ni kuonyesha kosa. Si kuusimamisha mtambo. Nilikuwa nikilizungushia kosa duara jekundu, naandika pembeni, naweka sahihi yangu chini kuonyesha kwamba nimesoma. Mkuu akitaka kuchapa hivyo hivyo, ni juu yake. Duara langu limebaki kwenye karatasi. Kila mtu na mlango wake. Ukianza kushika na mlango wa mwenzako, hakuna nyumba.

Andika uliyoyaona, kwa adabu, kwa ukamilifu, bila mzaha wa mawe. Kisha weka sahihi. Mkuu atakuwa amejulishwa, nawe utakuwa umetimiza wajibu. Baba yako ameniomba nikwambie hivyo, lakini ningekwambia hata asingeomba. Umesoma kwa taabu kufika hapo ulipo. Mtu hakati tawi alilokalia kwa sababu ameona sisimizi.

Mpe mkuu wako heshima yake. Usimwite Ijumaa.

Babu yako

*

Tarehe 15 Aprili

Babu,

Shikamoo. Mzima mimi.

Nakukatalia. Sijapata kukuandikia neno hilo, lakini ndilo.

Kosa la chapa msomaji hulirekebisha kwa jicho lake. Herufi ikianguka, anaruka, anaendelea, anawacheka. Kosa langu halionekani. Halina msomaji wa kulicheka. Anayepotelewa hatajua kwamba palikuwa na duara jekundu katika kabati la mtu fulani. Sahihi yako ilisema "nimesoma". Yangu inasema "hiki kinafaa". Hakifai.

Tena si kwamba naukata tawi. Nimekataa kumwambia mtu kwamba tawi ni zima, apande na watoto wake.

Nimemwandikia Ijumaa leo, kwa adabu, kwa ukamilifu, bila mzaha wa mawe. Sikuweka sahihi.

Mjukuu wako, na bado nakupenda

*

Tarehe 30 Julai

Mjukuu wangu,

Natumaini u mzima. Sikukuuliza hali kwa muda mrefu, basi nakuuliza kwa yote yaliyopita. Mimi niliumwa jino, limeng'olewa. Sasa hatudaiani, mimi na hilo jino.

Sikukujibu kwa kuwa nilikasirika. Sijapata kukataliwa kwa maandishi na mtu niliyemfundisha kushika kalamu. Niliirudisha barua yako katika bahasha, nikaiweka chini ya kamusi ya kijani, nikajiambia sitaisoma tena. Niliisoma mara nyingi.

Mwezi uliopita baba yako alikuja kunitengenezea dirisha la sebuleni, lile lisilokubali kufunga. Alikuwa na ile kompyuta yake ndogo. Akasema, "Mzee, nisikilizie kitu nilichokipata." Akabonyeza. Chumbani humu, pale penye kiti changu, nikamsikia marehemu bibi yako.

Hakuwa akisema jambo lolote la maana. Alikuwa akinigombeza. Alisema, "Funga dirisha, mwanamume wewe, vumbi lote hili nitalipangusa mimi mpaka lini? Umeoa mke au umeoa ufagio?" Kisha nikajisikia mimi nikijibu kwamba dirisha limefungwa. Naye akasema, "Limefungwa na nani, na pazia linacheza?" Basi. Mtu fulani alikuwa akimrekodi mtoto akiimba, na sauti zetu zikaingia kwa nyuma.

Nikamwuliza baba yako kitu hiki kinakaa wapi. Akasema, "Kipo tu, mzee. Kipo hewani." Nikamwambia hewani hakukai kitu isipokuwa harufu, kinakaa wapi? Akaudhika, akasema kwamba kinakaa katika kabati la kampuni fulani, mbali, kwenye diski. Nikamwuliza diski hizo ziko ngapi katika sanduku, na mikono yake ina unene gani. Akanitazama kama siku ile ya kamusi.

Nilikuuliza watu huweka nini humo, ukanipuuza. Sasa najua. Wanaweka bibi yako na dirisha lake. Naye amekaa katika mstari mwembamba kuliko unywele, na jirani yake ni mstari wa mtu mwingine, ambaye huenda naye ana mtu wake.

Kosa ambalo halimpi msomaji nafasi ya kuliona si kosa la kuzungushiwa duara. Ni la kuzuiwa. Hilo ndilo jibu langu kwa barua yako ya tarehe 15 Aprili.

Baba yako alitaka nikuandikie jambo jingine. Amenieleza kwamba umeondolewa katika ubunifu, umeshushwa katika chumba cha chini, na kwamba mkuu wako yuko tayari kukurudisha juu endapo utatia sahihi. Akasema, "Wewe anakusikia. Mwambie aache ukaidi." Nilimjibu kwamba mimi ndiye wa kwanza kukataliwa, na kwa maandishi. Akasema basi nitumie ukubwa wangu. Nikamwambia ukubwa wangu naushughulisha na dirisha, na kwamba hajamaliza kulitengeneza. Alipandisha sauti. Nami nikapandisha. Majirani wamepata habari za kutosha hadi mwisho wa mwaka.

Sitakwambia uache. Jina hilo nilikupa mimi, lakini si langu tena, nilipokupa, nilikupa. Usiliweke mahali ambapo hungependa mama yangu alikute.

Mwite Ijumaa ukipenda.

Babu yako

*

Tarehe 8 Septemba

Babu yangu, mume wangu (nimeandika kila mwezi moyoni, naomba cheo kirudi),

Shikamoo. Pole kwa jino. Natumaini dirisha limekubali, na kwamba wewe na Baba mmekwisha kusemezana. Kama bado, anza wewe, kwa kuwa umemshinda. Mimi ni mzima kabisa. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za kiwandani, watu wakinipita kulia na kushoto, na mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimegombezwa dirisha.

Ni kweli nilishushwa. Chumba cha chini ni chumba cha marejesho: masanduku yaliyokufa kwa wateja huletwa hapo, yanafunguliwa, kinatafutwa kilichoyaua. Ijumaa alidhani ananificha. Babu, mtu hawezi kumwadhibu mpishi kwa kumfungia stoo. Nimekaa miezi mitatu na maiti za kila aina, nikiona nini huvunjika, nini hupinda, na nini kimewekwa humo kwa mazoea tu wala hakuna anayejua sababu yake.

Ndipo nilipoiona nafasi. Chini ya sakafu ya sanduku kuna bamba la umeme, limetanda kutoka ukingo hadi ukingo. Mota inayozungusha sahani imekaa juu yake, kama mtu aliyekalia godoro. Hakuna anayelihitaji godoro pale katikati. Nikalikata bamba, nikaacha tundu la duara, nikaishusha mota ndani ya tundu. Sahani zote zikashuka pamoja nayo. Unene niliokuwa nauiba kwenye mikono nikaukuta umelala sakafuni. Nikairudishia mikono unene wake, na sakafu nikaiongezea mbavu ili isilegee. Sahani zimebaki kumi na moja.

Nilikosea mara ya kwanza; sakafu ilipinda, nikaitupa. Ya pili pia. Mara ya tatu nilimpelekea Mama Mizani sanduku zima wakati wa chakula. Alilipachika katika kabati, katikati ya masanduku yenye kelele kuliko yote, akawasha feni zote, akavuta kiti, akala mkate wake akikitazama kioo cha vipimo. Alipomaliza alijipangusa mikono, akasema, "Hili limetulia kuliko wanangu." Tumeliacha humo tangu siku ile. Halijaandika juu ya mstari wa jirani hata mara moja.

Nililipeleka kwa Ijumaa. Sitakuficha: aliligeuza mkononi muda mrefu, na uso wake ulikuwa uso wa fundi, si wa mkuu. Kisha akakumbuka yeye ni nani.

"Ni zuri," akasema. "Tutalitoa mwakani. Viunzi vya lile la kwanza vimekwisha kuja. Litie sahihi lile, urudi kwenye dawati lako, hili liwe zawadi yako ya pili."

"Lile litafuta vitu vya watu."

"Baadhi."

"Baadhi ya nani, bosi?"

Akanisogezea kalamu. Nikamwambia atafute sahihi nyingine. Akasema hakuna nyingine, mchoro ni wangu, na kanuni ya kiwanda inataka yangu. Hilo nalijua, ndiyo maana nimekaa juu yake kama kuku.

Sasa shauri limepanda hadi kwa wakuu wote wa kiwanda. Wanakutana wiki hii kuamua: litoke lipi, na mimi nibaki au niende. Walitaka tukutane katika ukumbi wa viti laini, nisimame mbele yao na picha ukutani. Nimewaandikia kwamba sitasimama mbele ya picha. Nimeomba waje katika chumba cha vipimo. Masanduku yote mawili, lile la kwanza na hili, yatakaa katika kabati moja, feni zikipuliza, na kila mmoja wao alete kitu chake akipendacho kiandikwe humo: picha ya mtoto, sauti ya mama, chochote. Kisha tukisome pamoja, tuone kimebaki nini.

Wamekubali kuja. Nasikia mmoja alipendekeza meza ya jiwe kwa sababu ni "sehemu tulivu ya kuonyeshea". Mama Mizani ameifunika kwa shuka la kitanda chake na kubandika karatasi juu yake: IMEHARIBIKA. Nilimwuliza imeharibikaje. Akasema, "Imetudanganya mwaka mzima. Kuna kuharibika kuliko huko?"

Baba amenipigia. Ananitaka nifikirie kesho yangu. Nimemjibu kwamba ninaifikiria, na ndani yake nakuona wewe umekaa kwenye kiti chako, unabonyeza, na Bibi hajibu. Kisha akasema dirisha lako bado linapitisha vumbi, atarudi kulitazama.

Sijui wataamua nini, na sitajifanya najua. Wapo watakaohesabu viunzi vilivyokwisha kufika kabla ya kuhesabu kingine chochote. Lakini sahihi yangu haimo katika hesabu zao, na hawana njia ya kuipata ila kupitia mkono huu. Wakilichagua sanduku lililotulia, jina la mama yako litachongwa ndani ya kifuniko, gizani, mahali finyu, kama alivyopenda. Wakilichagua lile jingine, halitachongwa popote. Nitalibeba nirudi nalo nyumbani likiwa zima, nikae nawe tubishane.

Uamuzi ukishatolewa nitakuandikia siku hiyo hiyo, uwe wa kunibakiza au wa kunifukuza, na barua nitaikunja kwa rula.

Nawe funga dirisha.

Mjukuu wako